Anayepigwa kwa Kudhaniwa Shoga: Chuki Ipimwe kwa Kipi?

Ichukuliwe kwamba saa saba za usiku bodaboda inasimama mbele ya chumba cha dharura huko Berega, wilayani Kilosa. Kijana wa miaka ishirini na ushei ameketi katikati ya dereva na ndugu yake. Taya limevimba, shati limelowa damu, na mkono wa kushoto ameukumbatia tumboni. Muuguzi wa zamu anauliza kilichotokea. Ndugu anajibu kuwa ni vibaka, wamechukua simu. Dereva, ambaye hakuulizwa, anasema kwa sauti ya chini kwamba huko senta kijana huyo anajulikana kuwa ni mtu wa "mambo yale". Kijana mwenyewe hasemi neno. Katika rejesta panaandikwa maneno matatu: amepigwa na watu.

Tukio hili ni la kufikirika, lakini mhudumu yeyote aliyewahi kushika zamu za usiku katika hospitali ya vijijini hataliona kuwa geni. Linazua swali ambalo kwa kawaida huachiwa wanasheria na wanaharakati, nalo kwa kweli humhusu tabibu kabla ya wote hao. Je, kijana huyu alipigwa kwa sababu ni shoga, au kwa sababu alikuwa na simu? Na kama waliompiga waliitaka simu, je, ni haki kuliita tukio hilo chuki dhidi ya mashoga?

Jibu linalotolewa mara nyingi ni kwamba chuki ipo pale tu mshambuliaji anapoitamka. Akipiga huku akitukana, ni chuki. Akipiga na kuondoka na pochi, ni wizi. Akipiga baada ya ugomvi wa watu wawili waliokuwa wakifahamiana, ni ugomvi. Kipimo hiki kina sura ya haki, kwa kuwa kinakataa kumhukumu mtu kwa jambo lisilothibitishwa. Kasoro yake ni kwamba kinadai kuona kilicho moyoni mwa mshambuliaji, mahali ambapo hakuna darubini wala kipimo cha maabara kinachofika. Kipo kipimo kingine, chepesi zaidi na cha kuaminika zaidi: kuangalia sifa ya ushoga aliyobandikwa majeruhi ilifanya kazi gani katika tukio zima, tangu alipochaguliwa hadi alipopata, au alipokosa, msaada.

Kwanza neno lenyewe. Neno homofobia lilienezwa na mwanasaikolojia wa Marekani, George Weinberg, hasa kupitia kitabu chake cha mwaka 1972. Lilifanya kazi kubwa katika wakati wake, kwani liliwageuzia watu macho kutoka kwa anayechukiwa kwenda kwa anayechukia. Hata hivyo kwa daktari ni neno lenye utata. Fobia ni ugonjwa wa hofu, na mgonjwa wa hofu hukimbia. Mwenye fobia ya kupanda juu haukaribii mnazi. Haendi usiku na wenzake kuukata. Kumwita mpigaji mgonjwa wa hofu ni kumpa cheti cha udhuru asichostahili. Vilevile anayepigwa si mgonjwa kwa sababu ya kupenda kwake: Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili cha Marekani kiliuondoa ushoga katika orodha yake ya maradhi mwaka 1973, na Shirika la Afya Duniani likafanya hivyo tarehe 17 Mei 1990. Pande zote mbili, basi, hakuna maradhi ya kutibu isipokuwa majeraha. Kiswahili hakina neno moja lililozoeleka kwa jambo hili, na pengine si hasara. "Chuki" linatosha, mradi ieleweke kwamba chuki huweza kufanya kazi hata kupitia mikono ya mtu asiyechukia.

Kuhusu neno shoga, wasomaji wa Pwani na Visiwani watakumbuka kuwa kwa asili ni jina ambalo mwanamke humwitia rafiki yake mwanamke, jina la mapenzi na heshima. Leo ni tusi katika vinywa vingi. Makala haya yanalitumia kwa sababu ndilo linalotamkwa mkono unapoinuliwa. Mgonjwa akiwa na neno lake la kujitambulisha, la kwake ndilo la kuandikwa, na asipokuwa nalo, hakuna ulazima wa kumtafutia.

Afrika ya Mashariki ina kesi mbili zinazoonyesha ugumu wa swali hili kuliko nadharia yoyote. Mwezi Oktoba 2010 gazeti moja dogo la Kampala lilichapisha picha na majina ya watu liliowaita mashoga, pamoja na wito wa kuwanyonga. Mmoja wao alikuwa David Kato, mwalimu na mtetezi wa haki. Yeye na wenzake wawili walikwenda Mahakama Kuu, na Januari 2011 mahakama ikawapa ushindi dhidi ya gazeti hilo. Tarehe 26 ya mwezi huohuo Kato alipigwa nyundo kichwani nyumbani kwake Mukono, akafa. Polisi walizungumzia wizi. Baadaye mtu mmoja aliyekuwa akimfahamu alikiri kosa na kuhukumiwa kifungo cha miaka 30. Maelezo yake yalikuwa kwamba Kato alimtaka kimapenzi. Upande wa mashtaka uliuona ugomvi binafsi. Marafiki wa marehemu waliona matokeo ya ukurasa wa gazeti.

Nani alikuwa na haki? Maelezo ya muuaji yanastahili kutazamwa kwa makini zaidi ya yalivyotazamwa. Kila siku, sokoni, kwenye daladala, ofisini, wanawake hutongozwa na wanaume wasiowataka, na mara nyingi kwa ufidhuli. Hukataa, hugeuza uso, huondoka. Mwanamke ambaye angempiga mwanaume nyundo kichwani kwa kutongozwa asingepata msikilizaji hata mmoja wa kumwelewa. Kwa nini basi maneno "alinitaka" yakitoka kwa mwanaume kuhusu mwanaume mwingine yasikike kama maelezo? Yanasikika hivyo kwa sababu msikilizaji amekwisha kukubaliana na msemaji kabla hajafungua kinywa. Hapo ndipo chuki ilipo, hata kama muuaji mwenyewe hakuwa na lolote moyoni zaidi ya hasira au tamaa. Udhuru unaofaa kwa maiti wa aina moja tu umeshasema maiti huyo alithaminiwa kiasi gani.

Kesi ya pili inaelekea upande mwingine, na uaminifu unadai itajwe. Mapema Januari 2023 mwili wa Edwin Chiloba, mbunifu wa mitindo aliyejulikana kama mtetezi wa haki za mashoga, ulikutwa ndani ya sanduku la bati kando ya barabara karibu na Eldoret, Kenya. Uchunguzi wa maiti ulionyesha kuwa alikufa kwa kukosa hewa. Kabla hata uchunguzi haujakamilika, wengi ndani na nje ya Kenya walikuwa wamekwisha kutangaza kuwa ni mauaji ya chuki. Mwishowe aliyetiwa hatiani, na kufungwa miaka 50 mwezi Desemba 2024, alikuwa mtu aliyeishi naye kwa karibu. Mauaji ya mwenza hutokea katika nyumba za kila aina, na hakuna faida kwa yeyote kuliita kila jeraha la shoga kuwa ni chuki. Daktari anayefanya hivyo anaweza kuupita ukatili wa ndani ya nyumba uliosimama mbele yake, akamrudisha mgonjwa kwa mtu yuleyule aliyemuumiza.

Hata hivyo, katika kesi hiyohiyo ya Chiloba, kipimo kinachopendekezwa hapa hakikosi cha kupima. Alipokufa walijitokeza watu wengi mitandaoni waliocheka, waliosema alijitakia, na walioshangilia sanduku. Watu hao hawakumuua na pengine hawakuwahi kumwona. Kilichofanyika katika mauaji kinaweza kisiwe chuki dhidi ya mashoga, na kilichofanyika baada yake kikawa ndicho.

Tanzania ina uzoefu wake, ambao haukutokana na mjadala huu lakini unaumulika. Kuanzia katikati ya miaka ya 2000, hasa katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, watu wenye ualbino waliuawa na kukatwa viungo. Wengi wa waliotumwa kufanya ukatili huo hawakuwa na chuki yoyote maalumu. Walitaka fedha, kwa kuwa viungo vilikuwa na wanunuzi. Je, kuna aliyesimama akasema kuwa kwa sababu nia ilikuwa fedha, basi hayo yalikuwa mauaji ya kawaida ya tamaa? Hakuna. Ilieleweka mara moja kwamba soko lile lisingekuwapo bila imani potofu kuhusu rangi ya ngozi, na kwamba mtu alichaguliwa kwa vile alivyo. Kabla ya hapo, na hata sasa, vikongwe wa Shinyanga na Mwanza wameuawa kwa kuitwa wachawi, mara nyingi kwa ushahidi wa macho mekundu yaliyosababishwa na moshi wa miaka mingi jikoni. Wanaofuatilia kesi hizo wanajua kuwa nyuma ya tuhuma ya uchawi mara nyingi pana shamba, ng'ombe au urithi. Mpwa anataka shamba. Jamii inampa neno la kulipatia. Tamaa ni yake mwenyewe, silaha ameazimwa na wote.

Ndivyo ilivyo kwa yule anayemwita kijana kwa simu, wakakutana gesti, kisha wenzake wakaingia, wakampiga, wakamnyang'anya na kumdai fedha zaidi kila mwezi. Anachotaka ni fedha. Lakini amemchagua huyu na si mfanyabiashara wa mchele wa Kilosa mwenye fedha nyingi zaidi, kwa sababu anajua huyu hataenda polisi. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, kilichotokana na sheria za Waingereza na kukazwa mwaka 1998, kinaweka kifungo cha maisha au kisichopungua miaka 30 kwa tendo la ngono kinyume cha maumbile. Sheria hiyo inahusu tendo na inataka ushahidi; haimruhusu mtu yeyote kumpiga, kumwibia wala kumtesa mwingine, na kifungu cha 241 cha kanuni hiyohiyo kinaadhibu shambulio la kudhuru mwili bila kuuliza aliyedhuriwa analala na nani. Lakini mnyang'anyi hasomi vifungu vyote. Anajua kimoja, na kimoja kinamtosha. Hahitaji kumchukia mtu huyu. Chuki ya wengine imemfanyia kazi nusu.

Hali hiyo huwa mbaya zaidi wakati wenye mamlaka wanapoongeza sauti zao. Julai 2016 Wizara ya Afya ilitangaza kuzuia vilainishi vilivyokuwa vikitolewa katika kinga ya UKIMWI, na Februari 2017 ikatangaza kusitishwa kwa huduma katika vituo 40 vilivyoendeshwa na asasi za kiraia kwa makundi yaliyo katika hatari kubwa ya maambukizi. Tarehe 29 Oktoba 2018 aliyekuwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, Paul Makonda, aliwataka wananchi wapeleke majina ya mashoga na kutangaza kikosi cha kuwasaka. Siku chache baadaye, tarehe 4 Novemba, Wizara ya Mambo ya Nje ilieleza kuwa hayo yalikuwa maoni yake mwenyewe na si msimamo wa serikali. Ufafanuzi huo ulikuwa wa muhimu, lakini mgonjwa aliyekuwa na miadi ya kliniki wiki ile hakusoma taarifa ya wizara. Alisikia redio, akabaki nyumbani. Anayekatiza dawa za kufubaza virusi hapigwi na mtu yeyote barabarani, na bado mwili wake unapata madhara.

Kituo cha afya nacho chaweza kuwa uwanja wa shambulio. Tarehe 12 Februari 2010, huko Mtwapa katika pwani ya Kenya, umati ulizingira kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, KEMRI, kilichotoa huduma za VVU kwa watu mbalimbali wakiwamo wanaume wanaofanya mapenzi na wanaume. Chanzo kilikuwa uvumi wa harusi ya wanaume wawili ambayo hakuna aliyeiona. Watu walipigwa, wengine wakachukuliwa na polisi na baadaye kuachiwa. Hapo hapana utata: hapakuwa na simu ya kuibwa, wala deni, wala ugomvi wa wapenzi. Lakini la kujifunza ni lililofuata. Watafiti wa pwani hiyo waliona kwamba kufungua tena milango hakutoshi ikiwa walio ndani wana mawazo yaleyale ya walio nje, wakawapa mafunzo mafupi wahudumu 74 wa vituo vya serikali na binafsi. Walipopimwa tena baada ya miezi mitatu, ujuzi wao ulikuwa umeongezeka na chuki imepungua. Chuki ya mhudumu, basi, haikuandikwa katika damu. Katika Tanzania pia, Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kimejaribu mtaala wa afya ya ngono kwa wanafunzi wa udaktari, uuguzi na ukunga, na ni jambo la kutamaniwa kwamba mafunzo ya namna hiyo yafike hadi kwa tabibu na muuguzi wa zahanati, ambako mgonjwa hana mahali pengine pa kukimbilia.

Kwa maana shambulio haliishii pale mpigaji anapoondoka. Mtu aliyepigwa tumboni katika eneo lenye malaria kama bonde la Kilosa ana hatari ambayo wengi hawaifahamu: bandama lililovimba kwa malaria za mara kwa mara hupasuka kwa pigo ambalo lingevumiliwa na bandama la kawaida, na wakati mwingine huvuja polepole, mgonjwa akidhani amepona, kisha akaanguka siku ya pili au ya tatu. Damu inayovilia ndani ya fuvu hufanya hivyohivyo. Aliyelawitiwa au kubakwa ana saa 72 tu za kuanza dawa za kinga dhidi ya VVU, ambazo humezwa kwa siku 28, na kila saa inayopita hupunguza nguvu yake. Mwanamke anayeshambuliwa kwa kudhaniwa kuwa anapenda wanawake, mara nyingine kwa kubakwa ili eti "arekebishwe", ana saa hizohizo 72, pamoja na saa 120 za kuzuia mimba. Saa hizo hupotea wapi? Hupotea duka la dawa, ambako majeruhi hununua vidonge vya maumivu kwa kuogopa maswali ya mapokezi. Hupotea nje ya kituo cha polisi, akifikiria kama aingie kuomba fomu ya PF3 au arudi nyumbani. Hupotea kwenye benchi, wahudumu watatu wakiitana kuja kumtazama.

Kuhusu PF3 lisemwe wazi, maana limewagharimu watu maisha. Fomu hiyo ni kumbukumbu ya jeraha kwa ajili ya sheria. Si kibali cha tiba. Miongozo ya Wizara ya Afya kuhusu waathirika wa ukatili wa kijinsia, iliyotolewa mwaka 2011, inatanguliza huduma, na busara ya udaktari inataka hivyo kwa kila anayevuja damu. Anayemwambia mtu aliyevunjwa taya "nenda kwanza polisi" anaweza kuwa anafuata mazoea tu bila chuki yoyote. Lakini kwa mgonjwa huyu mazoea hayo yana uzito ambao hayana kwa mwingine, na mhudumu anayejua hilo na bado akamtuma hawezi kujificha nyuma ya utaratibu.

Liko jambo baya kuliko hilo, nalo limefanywa na watu wenye makoti meupe. Baada ya kukamatwa, wanaume kadhaa Tanzania Bara na Zanzibar wamewahi kupelekwa hospitali wakachunguzwa sehemu ya haja kubwa kwa lazima, eti kuthibitisha kuwa ni mashoga. Uchunguzi huo hauna thamani ya kisayansi. Msuli wa njia ya haja kubwa hausimulii historia ya mtu. Shirikisho la Madaktari Duniani liliulaani Oktoba 2017 na kuwataka madaktari waache kushiriki, na tarehe 22 Machi 2018 Mahakama ya Rufani ya Kenya iliyoketi Mombasa ikaamua kuwa ni kinyume cha katiba. Katiba ya Tanzania nayo, katika ibara ya 13(6), inakataza mtu kuteswa au kupewa adhabu za kumtweza. Daktari anayeuingiza mkono wake katika mwili wa mtu asiyeridhia, bila faida ya tiba, amemshambulia. Hapana haja ya kumuuliza kama anamchukia.

Wapo watakaosema kuwa haya yote yanamlazimisha mhudumu muumini kukubali asichokiamini. Hospitali ya Berega ni ya Kanisa Anglikana, Dayosisi ya Morogoro, na ni halali kuuliza. Maaskofu wa Kianglikana wa dunia nzima waliokutana Lambeth mwaka 1998 walipitisha azimio lililotamka kwamba vitendo vya ushoga havipatani na Maandiko, azimio ambalo makanisa ya Afrika yamelishikilia kwa nguvu hadi leo. Azimio hilohilo, katika aya hiyohiyo, liliwataka waumini wawahudumie watu wote kwa upole bila kujali mwelekeo wao, na kulaani hofu isiyo na msingi dhidi ya mashoga. Sehemu ya kwanza hunukuliwa sana. Ya pili haisikiki. Kuamini kwamba tendo fulani ni dhambi si kumshambulia mtu; Mwislamu daktari humtibu mlevi aliyeanguka, na Mkristo muuguzi humfunga jeraha mzinifu aliyepigwa na mume wa mtu, wala hakuna anayeona kuwa imani yao imeyumba. Mstari unavukwa pale ambapo imani hiyo huamua nani asubiri. Unavukwa pia, hata bila mkono kuinuliwa, na mhubiri anayesema watu hao wapigwe mawe, kwa kuwa wasikilizaji wake hawatauliza kama ilikuwa tamathali ya usemi.

Na wapo watakaosema walikuwa wanatania tu. Ukaguruni jambo hili lina uzito wa pekee, kwani utani ni taasisi yenye kanuni zake, kiasi kwamba mwanaanthropolojia Beidelman, aliyewachunguza Wakaguru kwa miaka mingi, aliuandikia makala nzima mwaka 1966. Mtani humtukana mtani hadharani, hata msibani, na mwenziwe hurudisha. Ndiyo kanuni yenyewe: hurudisha, na wote wawili wanajua kesho ni zamu ya nani. Maneno yanayorushwa kwa mgonjwa aliyelala kitandani na mrija wa dripu mkononi, ambaye akijibu atajitia hatarini, hayana sifa hata moja ya utani. Wazee wa Berega wangelikuwa wa kwanza kulisema hilo, kama wangeulizwa.

Linabaki suala gumu kuliko yote kwa upande wa mhudumu, nalo ni la kalamu. Katika nchi ambazo sheria huongeza adhabu kwa mashambulizi ya chuki, daktari anayeandika kuwa mgonjwa alipigwa kwa kuwa ni shoga anamsaidia kupata haki. Hapa nchini maneno hayohayo katika PF3 yanaweza kumgeuza mlalamikaji kuwa mshtakiwa. Kwa hiyo kujua kwamba tukio ni la chuki ni jambo moja, na kuliandika ni jingine. Majeraha yaandikwe kwa ukamilifu usio na huruma: mahali, urefu, rangi ya mchubuko, chombo kinachodhaniwa kutumika, saa ya kufika. Huo ndio ushahidi utakaosimama mahakamani dhidi ya mpigaji, awe na nia gani. Uvumi wa dereva wa bodaboda hauna nafasi katika jalada. Maneno ya mgonjwa mwenyewe kuhusu sababu yaandikwe tu akiridhia, baada ya kuelezwa karatasi itapita mikononi mwa nani. Nchini Uganda sheria ya mwaka 2023 iliwataka watu wote, wahudumu wa afya wakiwamo, kutoa taarifa za mashoga kwa polisi. Mahakama ya Katiba, ambayo iliacha sehemu kubwa ya sheria hiyo ikisimama, ilikifuta kifungu hicho Aprili 2024. Tanzania haina kifungu kama hicho. Mhudumu anayepiga simu polisi kumtaja mgonjwa wake hatekelezi sheria yoyote. Anavunja siri aliyokabidhiwa kazini.

Turudi kwa kijana wa saa saba za usiku. Haijulikani bado kama waliompiga walitaka simu au walitaka kumwadhibu, na huenda wao wenyewe wasiweze kueleza. Kinachojulikana ni kwamba mkono haujatoka tumboni tangu alipofika, mapigo ya moyo yanakwenda mbio, na ndugu yake anajibu kila swali kwa niaba yake. Muuguzi anamwomba ndugu akasubiri nje. Anavuta pazia, anapima presha kwa mara ya pili, anamwita daktari wa zamu aje na mashine ya kupima tumbo kwa mawimbi ya sauti, kisha anainama na kuuliza kwa sauti ambayo kitanda cha pili hakiwezi kuisikia kama kuna jambo jingine walilomfanyia, na ilikuwa saa ngapi.